Sababu gani bidon ni ngumu na sashe ni laini, na zote mbili ni kitu kimoja

Mvua ikinyesha Bukavu, maji yanayoshuka milimani yanabeba kila kitu kilichotupwa mifereji: masashe, machupa ya plastiki, vipande vya mabidon. Vyote vinaingia Ziwa Kivu, kiisha mkondo unavivuta hadi pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, kwenye baraji ya Ruzizi I. Hapo takataka zinaziba njia ya maji yanayozungusha mashine, na zaidi ya mara moja wakaaji wamekosa umeme juu yake. Wafanyakazi wanazitoa, kiisha zingine zinafika.

Watu wanauliza: juu ya nini vitu hivi haviozi sawa vile ganda la ndizi linavyooza? Na tena, juu ya nini bidon ya manjano inabeba litre 20 za maji miaka na miaka, lakini sashe inapasuka mbele mama hajafika nyumbani na fufu yake, wakati wanakemia wanasema bidon na sashe ni kitu kimoja? Majibu yalitafutwa katika malabo ya Ulaya kwa miaka karibu 40, na haikuwa bila ugomvi.

Ushanga kwenye uzi

Mbele ya plastiki kulikuwa mpira, na kwa Mkongomani neno hilo lina damu ndani. Wakati wa Leopold II, toka 1885 hadi 1908, watu wa Équateur na sehemu zingine walilazimishwa kuingia pori kukata mimea inayotambaa na kuleta utomvu wake. Aliyepungukiwa na kilo alichapwa, alifungwa, ao aliuawa. Ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza huko Boma, ilitangazwa mwaka wa 1904. Cha kushangaza ni kwamba katika miaka ileile, mpira huo ukishushwa Anvers kwa matani, hakuna mtu wa sayansi Ulaya aliyejua hasa mpira ni kitu gani.

Mjerumani Carl Harries aliuvunja kwa gesi ya ozoni, akaangalia vipande vilivyobaki, akaamua kwamba mpira ni mapete madogo ya atomi yaliyoshikana kidogo tu. Wakubwa wengi wa kemia waliona vile. Mwaka wa 1920 Hermann Staudinger, aliyekuwa akifundisha Zürich, akasema hapana. Kwake yeye mpira ni mnyororo: sehemu ndogo moja imeshika ingine, nayo imeshika ingine, maelfu kwa maelfu, sawa ushanga kwenye uzi moja mrefu. Kitu cha namna hiyo njo kinaitwa polima.

Staudinger alifanya jaribio. Kama mapete yanashikana tu kwa nguvu ndogo, ukiupa mpira hidrojeni nguvu hiyo itaisha, na utabaki na kitu chepesi kinachogeuka mvuke ukikipasha. Mwaka wa 1922 alitangaza matokeo: mpira wenye hidrojeni haukugeuka mvuke. Ulibaki mzito, wa kunata, sawa mbele. Hata hivyo hawakumwamini. Heinrich Wieland, ambaye alipewa Nobel ya kemia ya mwaka 1927, alimshauri aachane na mawazo ya molekuli kubwa na asafishe mpira wake vizuri zaidi.

Wale wa mionzi ya X pia walimkatalia. Mionzi hiyo, ileile inayopiga picha ya mfupa hospitalini, ikipita katika kitu chenye atomi zilizopangwa kwa safu inaacha alama kwenye filamu, na kwa alama hizo mtu anahesabu umbali kati ya atomi. Mwaka wa 1925 Mholanzi Johann Katz alipiga picha ya mpira uliolegea, akaona ukungu wa duara tu. Akauvuta, na alama zikatokea wazi. Minyororo ilikuwa imejipanga. Kila anayefunga mzigo nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira anaipanga minyororo hiyo bila kujua. Lakini mpango uliokuwa ukijirudia kwenye picha ulikuwa mfupi sana, na wapinzani walisema molekuli haiwezi kupita urefu ule. Ilichukua miaka kidogo ili wote waelewe: kinachojirudia ni ushanga, na uzi wenyewe unapita kutoka chumba hadi chumba. Staudinger alipata Nobel yake mwaka wa 1953, akiwa na miaka 72.

Nta nyeupe ya Winnington

Wakati ubishi unaendelea, plastiki ya bidon na sashe ilizaliwa kwa bahati. Siku ya Ijumaa, tarehe 24 Machi 1933, katika labo ya kampuni ICI huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walifunga gesi ya etileni pamoja na kemikali ingine ndani ya chombo cha chuma. Walitia joto la digrii 170 na presha ya mara 1 900 kupita ile ya hewa tunayopumua. Walitaka gesi hizo mbili zishikane. Siku ya Kwanza, walikuta presha imeshuka juu chombo kilikuwa kinavuja, na ndani kulikuwa kitu cheupe sawa nta ya mshumaa. Hakikufika hata nusu gramu.

Walipojaribu tena, mara kilitokea, mara hakitokei, na mara moja chombo kililipuka. Kazi ikasimamishwa. Ni Desemba 1935 tu njo Michael Perrin na wenzake walirudilia. Mara hii tena chombo kilivuja, wakaongeza etileni mpya, na hiyo ilikuwa na oksijeni kidogo ndani. Bila kujua, walikuwa wameweka kiwashio. Etileni ni atomi mbili za kaboni zinazoshikana kwa mikono miwili. Oksijeni inafungua mkono moja, ule mkono ulio wazi unakamata etileni ya pembeni, nayo inabaki na mkono wazi, inakamata ingine. Kwa muda mdogo sana, chini ya presha ile, maelfu yameungana. Ikipungua oksijeni, hakuna kinachoanza. Ikizidi, ni mlipuko.

Jina lake ni polietileni. Kiwanda kilianza 1939, na kazi yake ya kwanza kubwa haikuwa masashe. Ilikuwa kufunika nyaya za rada wakati wa vita.

Matawi

Mwaka wa 1940, Fox na Martin, wachunguzi wa Uingereza, walipitisha katika polietileni mwangaza wa infraredi, ule ambao jicho halioni lakini ngozi inausikia kama joto. Kila kikundi cha atomi kinameza sehemu yake ya mwangaza huo, kwa hiyo mtu anaweza kuhesabu vikundi bila kuvigusa. Ncha ya mnyororo ina kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Mnyororo ulionyooka una ncha mbili tu. Wao walikuta ncha nyingi kupita vile. Maana yake ilikuwa moja: mnyororo una matawi, sawa mti.

Baadaye ilijulikana namna matawi yanazaliwa. Katika joto na presha kali, mnyororo unaokua unajipinda, ncha yake inajiuma mgongo, na kutoka pale inaanza kukua upya. Kwa kila kaboni 1 000 kunapatikana matawi 20 hadi 30. Minyororo yenye matawi haiwezi kulala pamoja; inaacha nafasi kati yake. Plastiki inakuwa nyepesi, laini, inavutika. Hiyo njo sashe.

Bidon ilitoka Ujerumani. Mwaka wa 1953, huko Mülheim, Karl Ziegler na wanafunzi wake walikuwa wakijaribu kurefusha minyororo midogo, na siku moja kazi ikakatika mapema bila sababu. Walitafuta hadi wakakuta nikeli kidogo sana iliyobaki ndani ya chombo cha chuma. Wengine wangekiosha na kuendelea. Wao waliuliza: kama nikeli inakata mnyororo, metali zingine zitafanya nini? Walijaribu moja kwa moja. Zirkoniamu ilirefusha, na titaniamu pamoja na kemikali ya aluminiamu ilirefusha kabisa, bila presha kubwa, hata ndani ya chupa ya glasi. Kila etileni inaingia kwa zamu pale metali ilipo, kwa hiyo mnyororo hauna nafasi ya kujiuma. Unatoka umenyooka, karibu bila matawi.

Mwaka uliofuata, kule Milano, Giulio Natta alitumia njia hiyo kwa gesi ya propileni, akapata polipropileni, ile inayofumwa magunia meupe ya mchele na sukari. Mionzi ya X ilionyesha mnyororo wake unajizungusha sawa ngazi ya duara, sehemu tatu kwa kila mzunguko. Ziegler na Natta waligawana Nobel ya 1963.

Kulibaki swali moja: minyororo iliyonyooka inalala namna gani? Mwaka wa 1957, Andrew Keller wa Bristol aliyeyusha polietileni katika dawa ya moto, akaiacha ipoe polepole, akaangalia kwa mikroskopu ya elektroni. Aliona vibao vyembamba sana. Unene wake, ukipanga vibao karibu 100 000, ndiyo unafika milimita moja. Minyororo ilisimama wima ndani ya kibao, lakini ni mirefu mara nyingi kupita unene huo. Haikuwezekana isipokuwa inajikunja: inapanda, inageuka, inashuka, inapanda tena, sawa kitenge kinavyokunjwa sokoni. Bidon ina sehemu nyingi zilizokunjwa vizuri vile, sashe ina chache. Njo maana sashe inaanza kuyeyuka karibu na digrii 110 na bidon inangoja karibu 130.

Kinachotokea ziwani

Ganda la ndizi linaoza juu vijidudu vina meno ya kulikata: minyororo yake, nayo ni polima, ina oksijeni katikati ya viungo, na hapo njo pa kushikia. Katika polietileni mgongo wote ni kaboni kwa kaboni. Hakuna pa kushika, na mnyororo mzima ni mrefu sana kuingia ndani ya kijidudu.

Jua ndilo linaiweza kidogo. Mwangaza wake pamoja na oksijeni ya hewa vinakata minyororo, na infraredi inaonyesha alama mpya ya kaboni iliyoshika oksijeni. Kila mtu ameona bidon iliyosahauliwa juani miaka mingi: inapauka, inapasuka sawa biskuti. Lakini haijaisha. Imegeuka vipande vidogo, kiisha vidogo zaidi, ambavyo jicho halioni na samaki anaweza kumeza.

Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza na kuuza masashe ya plastiki katika inchi yetu. Rwanda ilikuwa na sheria yake toka 2008. Yaliyokwisha kuingia majini hayasomi dekreti.

Kwa wale wanaookota na kuyeyusha plastiki, ule mpango wa minyororo ni jambo la kila siku. Polietileni na polipropileni ni nyepesi kuliko maji. Chupa ya maji ya kunywa ni polima ingine, PET, inayoyeyuka karibu na digrii 250. Ukiichanganya na mabidon katika sufuria moja, inabaki mabonge na kazi inaharibika. Kata kipande kidogo, kitumbukize katika beseni la maji na ukikandamize ili hewa itoke. Cha bidon, cha sashe na cha gunia vitarudi juu. Cha chupa kitazama, na cha tiyo ya PVC vilevile. PVC isichomwe kamwe, juu moshi wake unabeba asidi inayounguza mapafu. Chupa nzima iliyofungwa kifuniko inaelea juu ya hewa iliyo ndani tu, na namna hiyo njo inafika hadi Ruzizi pamoja na zile nyepesi.