Kipande na Ufundi: Habari za Wavukaji wa Ruvuma

Neno manamba limetokana na namba. Ndivyo walivyoitwa vibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kwa kuwa katika vitabu vya shamba namba ilitangulia jina. Katika mashamba hayo walikuwamo Wamakonde wengi waliovuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wakikimbia kazi za shuruti za Wareno na kutafuta ujira.

Kibarua alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na kila siku aliyotimiza kazi ilitiwa alama. Kipande kilihesabu siku, hakikutaja ufundi. Mchonga mpingo na asiyejua kushika patasi walikuwa sawa mbele ya nyapara. Hata hivyo baadhi ya wavukaji hao waliendelea kuchonga, na kazi yao ikaja kujulikana duniani.

Mwaka 1958 Shirika la Kazi la Kimataifa lilichapisha orodha ya kwanza ya aina za kazi za ulimwengu. Katika toleo la 2008, namba 7317 ni ya mafundi wa mikono wa mbao na ususi. Namba 2651 ni ya wasanii, wachonga sanamu wakiwamo. Basi mchongaji wa Mtwara aombaye kibali cha kazi ugenini aweza kuhesabiwa fundi au mtaalamu, na ziko nchi zinazotoa kibali kwa kufuata daraja hiyo. Kipande kiliuficha ufundi wake; namba ya leo yataka autaje mwenyewe, tena kwa usahihi.