Jina la Ugonjwa na Njia ya Tiba: Lugha katika Historia ya Huduma za Afya ya Akili, kutoka Mirembe hadi Kibaoni

Utangulizi

Kibaoni ni jina la mahali pengi nchini Tanzania. Kimofolojia, ni nomino kibao iliyoambikwa kiambishi tamati cha mahali -ni, na maana yake haina utata: ni mahali palipo na kibao kinachomwelekeza msafiri. Kijiji cha Kibaoni kinachohusika katika mhadhara huu kimo katika nchi ya Wapimbwe, kusini mwa mji wa Mpanda, ng'ambo ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Katavi, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa.

Swali linaloulizwa hapa ni la kihistoria na la kiisimu kwa pamoja. Mtu wa Kibaoni, awe mtoto, kijana au mzee, alipougua akili, alielekezwa wapi, na kwa neno gani? Wanaoandika historia ya huduma za afya hupima umbali: kilomita kutoka kijijini hadi hospitalini, na idadi ya waganga na vitanda. Vipimo hivyo ni vya lazima. Hata hivyo, vinaacha jambo moja nje. Kabla mgonjwa hajapelekwa popote, watu wake humpa ugonjwa wake jina, na jina hilo ndilo huamua kama atapelekwa zahanati, kwa mganga wa jadi, polisi, au atafungiwa ndani. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika historia ya Tanzania umbali wa njia umepungua kwa kasi kuliko umbali wa lugha, na kwamba pengo hilo lina wahanga wake.

Majina ya kale

Mkoa wa Katavi wenyewe umepata jina kutokana na mzimu. Katabi, kwa simulizi za wenyeji, ni mzimu wa mwindaji unaokaa penye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mti huo. Shina -zimu lililomo katika mzimu ndilo lililomo katika kuzimu, na ndilo pia lililomo katika wazimu. Mwendawazimu, basi, kwa asili ya neno lake, hakuwa mtu aliyeharibika ubongo. Alikuwa mtu aliyeguswa na walio upande wa pili. Mkabala huo haukuwa wa Kibantu peke yake. Neno majununi, lililoingia Kiswahili kutoka Kiarabu, lina shina moja na jini.

Majina haya yalikuwa na mantiki yake ya tiba. Aliyeguswa na mzimu alipelekwa kwa ajuaye kusema na mizimu. Aliyepandwa na pepo alipungwa kwa ngoma, mbele ya jamaa na majirani. Si sahihi kuyaita majina hayo ujinga. Yalimweka mgonjwa ndani ya jamii, wala hayakumtwika yeye lawama yote. Lakini yalikuwa pia na ukatili wake. Jina kifafa, ambalo kwa umbo linaelekea kutokana na kitenzi kufa kilichorudufishwa, liliambatana katika sehemu kadhaa na hofu ya maambukizi. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kliniki ya kifafa huko Mahenge karibu mwaka 1960, alieleza jinsi wagonjwa walivyoungua motoni kwa sababu waliokuwapo waliogopa kuwagusa walipoanguka. Kliniki hiyo ilikuwa na dawa. Iliyobidi kubadilishwa kwanza ilikuwa maana ya neno.

Lutindi, Mirembe na reli

Taasisi za kwanza za kuwatunza wagonjwa wa akili katika nchi ambayo sasa ni Tanzania Bara zilikuja na ukoloni. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 ikageuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili. Waingereza walifungua Hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Baadaye ilipata jirani yake Isanga, kwa ajili ya wagonjwa waliopitia mikononi mwa mahakama.

Kwa mtu wa Mpanda, Dodoma ilikuwa mbali kupita kiasi mpaka reli ilipofika. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, yapata kilomita 210, lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda, na kufikia miaka ya 1950 treni zilikuwa zikipita. Kutoka Mpanda mtu aliweza sasa kufika Kaliua, kisha Tabora, kisha Dodoma, bila kushuka katika njia ya chuma. Reli iliyotengenezwa kusafirisha madini ikawa ndiyo njia ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Lakini ilimfikisha mahali ambapo jamaa zake hawakuweza kumtembelea, na ambapo huenda hakuna aliyejua lugha yake ya nyumbani.

Ndipo likatokea jambo la kimaana ambalo wanafunzi wa semantiki hawana budi kulizingatia. Mirembe lilikuwa jina la hospitali tu. Kadiri miaka ilivyopita, nomino hiyo ya pekee ikageuka kuwa tusi. Kusema kwamba fulani apelekwe Mirembe kukawa namna ya kumtoa fulani katika idadi ya watu wenye haki ya kusikilizwa, na kauli hiyo ikaenea nchi nzima, hata kwa watu wasioijua Dodoma. Jina lililokusudiwa kuonyesha tiba likawa sababu ya kuikimbia. Mama anayejua kwamba mwanawe akishatajwa pamoja na Mirembe hataoa wala kuajiriwa hakosi busara anapomficha.

Huduma inapokaribia

Serikali huru ilitambua mapema udhaifu wa tiba iliyowekwa mahali pamoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianzishwa vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa waliopata nafuu waliishi na kufanya kazi, wengine pamoja na jamaa zao, kabla ya kurudi makwao. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, Programu ya Taifa ya Afya ya Akili ilifanyiwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Lengo lake lilikuwa kuifanya tiba ya akili iwe sehemu ya huduma za kawaida, ili mhudumu wa zahanati aweze kumtambua mgonjwa, kumpa dawa za msingi na kumrufaa pale tu inapobidi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iliifuta ile ya zamani ya Magonjwa ya Akili. Badiliko la jina la sheria, kutoka ugonjwa kwenda afya, si dogo.

Hata hivyo, kumweka mhudumu kijijini si sawa na kumfanya mgonjwa aende kwake. Mwaka 2003 Ngoma na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam, ambao ulilinganisha waliohudhuria kliniki za afya ya msingi na waliohudhuria kwa waganga wa jadi. Matatizo ya kawaida ya akili, kama vile sonona na wasiwasi, yalionekana kwa asilimia 24 ya wale wa kliniki, na kwa asilimia 48 ya wale wa waganga wa jadi. Ikiwa hali ni hiyo katika mji wenye hospitali nyingi kuliko miji yote nchini, basi umbali peke yake hauwezi kuwa maelezo ya kutosha. Aliyelemewa na mawazo hakwenda kliniki kwa sababu hakuna neno alilokuwa nalo lililomwambia kwamba jambo lake ni la kliniki.

Lugha za Mpanda

Kwa Kibaoni na jirani zake, tatizo hilo lina tabaka jingine. Kipimbwe kiko karibu na Kifipa. Kikonongo kiko karibu na Kinyamwezi. Kibende kina jamaa yake Kitongwe. Wasukuma wameingia na mifugo yao. Aidha, wilaya ya zamani ya Mpanda ilipokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972: makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na Mishamo mwishoni mwa muongo huohuo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake Mishamo katikati ya miaka ya 1980, alionyesha jinsi wakimbizi hao walivyoyasimulia yale waliyoyaona kwa namna ya historia ya pamoja. Wengi wa watu wa makazi hayo na wazao wao walipewa uraia wa Tanzania baadaye.

Kiswahili kimewaunganisha watu hawa sokoni, shuleni na ofisini. Lakini lugha ya kuuzia mahindi si lazima iwe ndiyo lugha ya kusemea jinamizi. Mzee aliyeona nduguze wakiuawa anaweza kueleza kwa Kiswahili kwamba kichwa kinamuuma na halali usiku. Yaliyo nyuma ya maumivu hayo yamo katika Kirundi. Mhudumu asiyelijua hilo ataandika kichwa, atatoa vidonge vya maumivu, na daftari litaonyesha kwamba mgonjwa amehudumiwa.

Majina na umri

Pengo la istilahi linaonekana katika kila rika. Kwa watoto, mfano unaojulikana zaidi ni degedege, neno linalohusishwa na ndege. Tafiti za Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba wazazi wengi hawakuihesabu degedege kuwa malaria. Walimpeleka mtoto kwa mganga kwanza, na wapo walioamini kwamba sindano ingemuua. Malaria iliyopanda kichwani huacha baadhi ya watoto na ulemavu wa ubongo. Hapa jina lilikuwa suala la uhai. Usonji ni neno jipya na zuri, lakini bado halijafika katika nyumba nyingi, ambako mtoto asiyesema huitwa bubu au taahira.

Kwa vijana, mtaa ulitangulia kuleta neno teja, na neno hilo likamtenga mtu na kazi, ukoo na hata msikiti au kanisa. Kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, istilahi mraibu ilipata makao: mtu aliye na uraibu anaweza kutibiwa, ilhali teja hufukuzwa tu.

Wazee ndio waliosahauliwa zaidi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai uliikadiria hali ya kupungukiwa na kumbukumbu na utambuzi kwa asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kiswahili cha kila siku hakina jina la ugonjwa huo. Kina msemo kwamba uzee umemwingia. Nafasi iliyoachwa wazi na istilahi haibaki tupu. Katika maeneo ya magharibi na ya Ziwa, vikongwe wanaozungumza peke yao au kutangatanga usiku wamepewa jina lililo tayari, yaani mchawi, na wapo waliouawa kwa jina hilo.

Kusikiliza kabla ya kutafsiri

Yapo majaribio yaliyoanza kuziba pengo hili. Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili hawakutosheka na kutafsiri hojaji za kigeni. Mwaka 2008 walichapisha kipimo cha sonona chenye vipengele 19, kilichotungwa kutokana na namna watu wenyewe wanavyoeleza dhiki zao. Nchini Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza wanawake wazee wa Harare kuwasikiliza wagonjwa katika mabenchi nje ya kliniki. Walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Jaribio la kitaalamu lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha manufaa yake. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa neno hilo, kwa maana naye husema ana mawazo mengi.

Yupo atakayepinga kwamba kubadilisha maneno hakubadilishi kitu, na kwamba neno jipya nalo litachafuka. Pingamizi hili lina uzito, na Mirembe ni ushahidi wake. Lakini Mirembe halikuchafuliwa na sauti zake. Lilichafuliwa na safari ndefu, kutenganishwa na jamaa, na kurudi bila kupokewa. Neno huchukua sifa ya mahali linakompeleka mtu. Istilahi njema pasipo dawa zahanati itakuwa tusi baada ya miaka michache, na dawa pasipo istilahi itakaa kabatini hadi muda wake uishe.

Hitimisho

Historia hii inawapa wataalamu wa Kiswahili kazi mahususi. Istilahi za tiba ya akili zimekuwa zikitungwa mezani, mjini, na kupelekwa vijijini zikiwa zimekamilika. Inafaa mwendo huo ugeuzwe. Maneno ambayo watu wa Mpimbwe, Katumba na Mishamo hutumia kwa huzuni isiyoisha, kwa mtoto asiyesema, na kwa bibi aliyesahau njia ya nyumbani yakusanywe, yachunguzwe pamoja na wahudumu wa zahanati na waganga wa jadi, na yale yasiyoumiza yaingizwe katika kamusi na katika vitabu vya mafunzo. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji daftari, muda, na wanafunzi wanaozijua lugha hizo kwa kuzaliwa nazo. Wanafunzi wa aina hiyo wamo vyuoni hivi sasa, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.