Haki ya Mgeni Sokoni: Historia ya Kupatana Bei, Tangu Mogadishu ya Ibn Battuta hata Minada ya Hanang

Katika minada ya mifugo ya nchi yetu hoja moja imekuwa ikifufuka kila mara, nayo ni kama ng'ombe auzwe kwa mizani, kilo kwa kilo, kama wizara inayosimamia mifugo ilivyohimiza tena na tena, au aendelee kuuzwa kwa kukadiriwa na jicho na kupatana kwa maneno, kama walivyofanya wazee. Mtu wa Nangwa, kata iliyo chini ya Mlima Hanang katika barabara itokayo Babati kwenda Singida, hawezi kuisikia hoja hiyo kama habari ya mbali, kwa sababu mnada wa Katesh u jirani naye, na humo hukutana Mbarabaig na Mwiraqw, Mnyaturu na Mrangi, kila mmoja na lugha ya mama yake, na bei wote huipatana kwa Kiswahili. Wako wasemao kwamba kupatana bei ni mabaki ya ujinga, mlango wa ghiliba ambao mizani itaufunga daima. Rai hiyo yastahili kupimwa kwa historia, na historia yashuhudia kwamba mapatano ya bei yalikuwa na sheria zake tangu kale, na kwamba sheria zilizo bora miongoni mwake ziliwekwa kwa ajili ya mgeni asiyeijua bei ya mji.

Shahidi wa kwanza ni Ibn Battuta, faqihi wa Tanja, aliyeshuka pwani yetu mwaka 1331 na kufika hata Kilwa. Alipotia nanga Mogadishu aliona jambo ambalo hakulisahau. Merikebu ilipokuwa ingali majini, vyombo vidogo viliijia kutoka bandarini, na katika kila chombo walikuwamo vijana wa mji, kila kijana amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Naye kijana aliikabidhi sahani ile kwa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza mbele ya watu kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu saa ile mfanyabiashara hakushukia pengine ila nyumbani kwa mwenyeji wake, isipokuwa yule aliyekuwa ameuzoea mji na kujuana na watu wake, ambaye alishukia apendapo. Mwenyeji ndiye aliyemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizohitaji, na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, biashara hiyo kwa watu wa Mogadishu ilikuwa ni ya kukataliwa.

Vijana walipomfikia Ibn Battuta mwenyewe, wenzake walieleza kwamba yeye si mtu wa tijara bali ni mwanachuoni, naye akapelekwa kwa kadhi, kwani kila mgeni alikuwa na mwenyeji wa daraja yake. Msafiri huyu hakuficha kwamba wenyeji walipata faida katika desturi ile, na hapana lawama, madhali faida ya dalali ilifungamana na dhamana yake. Mwenyeji alikula cha mgeni akijua kwamba mgeni akidhulumiwa, aibu ni ya nyumba yake. Sokoni mnunuzi huijua haja yake na muuzaji huujua mzigo wake, walakini mgeni hukosa jambo la tatu, nalo ni bei iliyokuwapo jana. Na watu wa Mogadishu, karibu miaka 700 iliyopita, walilijua pengo hilo wakaliziba kwa mtu aliye hai, mwenye jina na heshima ya kupoteza.

Shahidi wa pili ni vitabu vya Hadithi na fiqhi, ambavyo kila mwenye kusafiri katika nchi za Waislamu, kuanzia Darajani ya Unguja hata Khan el-Khalili ya Cairo, hukuta athari yake hata kama hajapata kuvifunua. Humo Mtume ameripotiwa kukataza misafara isilakiwe njiani kabla haijafika sokoni, ili mchungaji atokaye jangwani asiuze hali hajasikia bei. Alikataza pia mtu kupandisha bei mnadani bila nia ya kununua, akiwa amewekwa pale kumtia mwenziwe tamaa. Na wauzianao walipewa khiyari ya kuvunja mapatano maadamu hawajaachana pale walipo, maana ridhaa ndiyo nguzo ya mauziano, na ridhaa ya ghafula yaweza kuwa hadaa.

Kisa kinachopendeza kuliko vyote ni kile cha Jabir bin Abdullah, sahaba wa Mtume, aliyekuwa akirudi safarini amepanda ngamia aliyechoka. Mtume alimchapa kidogo ngamia yule na kumwombea, naye akaenda mwendo ambao hakupata kwenda. Kisha Mtume akamtaka Jabir amwuzie ngamia yule kwa wakia moja. Jabir alikataa kwanza, halafu akakubali kwa sharti kwamba atampanda mpaka Madina. Walipofika, Bilal aliamriwa ampimie fedha, naye akapima na kuzidisha. Na Jabir alipokwisha geuka kwenda zake aliitwa, akapewa na ngamia wake, thamani ikabaki mkononi mwake. Hivyo ndivyo yalivyo mapatano ya watu wenye murua: yana kukataa na kukubali, yana sharti, na mwisho wake yana mizani iliyoelemea upande wa muuzaji.

Yaelekea adabu hizo zilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya karne ya 19 iliyopumzika Kondoa Irangi, na Warangi, ambao wengi wao walisilimu, walikuwa miongoni mwa waliozieneza katika nyanda za Wamang'ati, yaani Wabarabaig, ambako chumvi ya ziwa Balangida ilikuwa tayari ikibadilishwa kwa nafaka na mifugo. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1897, na kodi ikamlazimisha mfugaji kutafuta fedha. Waingereza wakaeneza minada chini ya idara yao ya mifugo. Sheria ya mwaka 1973 ikaipa serikali kupanga bei za bidhaa nyingi. Na tangu miaka ya 1984 na 1985 biashara ikalegezwa tena.

Yale yaliyofuata hayahitaji maelezo marefu. Leo simu humpa mchuuzi bei za miji ya mbali kabla mfugaji hajatoka bomani. Na mwaka 2017, India ilipozuia sehemu kubwa ya mbaazi kuingia kwake, wakulima wa Manyara waliona bei ikianguka bila kuwapo mtu wa kujadiliana naye. Na njiani kuja mnadani wako madalali wanaowalaki wenye mifugo kichakani na kuinunua mifugo hiyo kwa haraka, jambo lile lile lililoharamishwa zamani kwa misafara ya ngamia. Hasara ya haraka hiyo ni kubwa kwa Mbarabaig kuliko inavyodhaniwa, kwani George Klima, aliyeishi nao na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1970, alionyesha jinsi ng'ombe mmoja aweza kubeba haki za mke, za mwana na za ukoo, hata anayemwuza kwa pupa huwa ameuza na visivyo vyake peke yake.

Kwa hiyo mizani na ije, tena ije upesi, kwa kuwa Kurani ina sura inayofunguliwa kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Lakini mizani husema uzito tu. Haisemi kilo moja ni shilingi ngapi, wala haijui kama ndama ni wa kuchinjwa au wa kufugwa, na hayo yatabaki kuwa ya ulimi na ridhaa. Baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 Katesh na vijijini, Hanang ililazimika kujenga upya. Na halmashauri, ambayo hutoza ushuru kwa kila mnyama, inawiwa kujenga pia uadilifu wa soko lake. Na ibandike langoni bei za mnada uliopita, iwazuie wanaolaki mifugo njiani, imwekee mgeni mwenyeji aliyesajiliwa na kuwajibika, na iruhusu mapatano yavunjwe maadamu wawili hawajatoka uani. Ushuru unaochukuliwa pasipo kumlinda muuzaji ni deni, na wafugaji wa Nangwa wana haki ya kulidai kila siku ya mnada.