Meza na Waliokata Mti Wake

Ukiitazama meza ya Kiingereza ya miaka ya 1780, ile ndogo yenye mbawa mbili za kukunja iitwayo Pembroke, jicho hukimbilia njumu. Ukanda mwembamba wa mti wa manjano umezungushwa ukingoni, na katikati pengine limepachikwa ua lenye kivuli. Kivuli hicho si rangi. Fundi alikichovya kipande cha mti katika mchanga wa moto, kikaungua kidogo upande mmoja, ndipo akakipachika. Ni ufundi wa kusifiwa, nami nausifu.

Ila sifa huishia kwa fundi. Vitabu humtaja Chippendale, humtaja Hepplewhite na Sheraton, na mti wenyewe husemwa kana kwamba uliota London. Mahogani (mkangazi wetu ni jamaa yake tu) ilitoka ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao za makoloni yake ya Amerika, na mahogani ya Jamaika ikaanza kumiminika. Miti ya huko ilipopungua, wakazidi kuigeukia Ghuba ya Honduras, kwenye nchi ambayo leo ni Belize.

Waliokata walikuwa watumwa, Waafrika na watoto wa Waafrika. Mmoja wao, mjuzi wa msitu, alipanda mti mrefu akayatafuta kwa macho majani ya mahogani kati ya maelfu ya miti mingine. Shina likiwa pana mno chini, walijenga jukwaa wakalikata juu. Magogo yalingoja mvua, mito ifurike, yaelee hadi pwani. Katika karne ya 19, miti ya kando ya mito ilipokwisha, yalikokotwa na ng'ombe usiku kwa mwanga wa mienge, kwa kuwa jua la mchana lingewaangusha wanyama.

Na fedha ya mnunuzi je? Kazi kubwa kuliko zote aliyopata Chippendale ilikuwa kuipamba Harewood House huko Yorkshire, nyumba ya Edwin Lascelles. Kabati lake la njumu la mwaka 1773, lenye sura za Diana na Minerva, lilitengenezwa kwa ajili ya nyumba hiyo. Utajiri wa akina Lascelles ulitokana na sukari na watumwa wa Barbados. Katika nyumba kama hiyo, hata malipo ya fundi yalitoka mikononi mwa watu wasiolipwa.

Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilianza kutumika mwaka 1834. Belize ilipopata uhuru mwaka 1981, iliweka katika bendera yake wanaume wawili mbele ya mti wa mahogani: mmoja ana shoka, mwingine ana kasia.