Mchezo wa Pango na Sarafu Yake

Jina la Segerea likitajwa mbele ya Mtanzania asiyekaa Dar es Salaam, aghalabu jambo la kwanza kumjia akilini ni gereza. Mtaa huu wa pembezoni mwa jiji, ulio upande wa Ilala, jirani na Tabata na Kinyerezi, una mengine ya kutajiwa: una seminari kuu, na tangu mwaka 2010 una jimbo la uchaguzi kwa jina lake. Walakini gereza la mahabusu limeyafunika yote. Neno lenyewe lina safari ndefu. Wanazuoni wengi hulirejesha kwa Wareno, ambao kwao igreja ni kanisa. Ndani ya ngome waliyoanza kuijenga Mombasa mwaka 1593 mlikuwa na kanisa. Kanisa likaipa ngome jina, na ngome zilipogeuzwa mahali pa kufungia watu, kama ile ya Mombasa ilivyokuwa tangu mwaka 1895 mpaka 1958, jina likabaki kwa kifungo. Kilwa Kisiwani magofu ya ngome ya kale huitwa Gereza hata leo, ingawa hapana mfungwa ndani yake ila popo.

Lugha za Ulaya zilipita njia iyo hiyo. Wafaransa waliuita donjon mnara mkuu wa ngome. Waingereza wakalitwaa neno hilo, wakaliteremsha kutoka mnarani mpaka shimoni, likawa gereza la giza chini ya ardhi. Shimo hilo ndilo lililotoa jina la mchezo ambao vijana wa nusu ya pili ya karne ya ishirini waliupenda kupita kiasi: mchezo wa kushuka pangoni, chumba baada ya chumba, kupigana na majini, mazimwi na mifupa iliyofufuka, kuokota funguo na hazina, na kuufikia mwisho ambao mlinzi wake ni joka au mchawi. Msomaji akiuona kwa mara ya kwanza huenda akadhani kuwa ni kitu cha kigeni kabisa.

Sivyo. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alipiga chapa hadithi alizozikusanya kwa wenyeji wa Unguja, na miongoni mwake imo ile ya Sultani Majinuni. Katika hadithi hiyo paka aliyelelewa kwa dekezo hugeuka nunda, mla watu, akaumaliza mji. Mwana mdogo wa sultani, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, huenda mwituni kumtafuta. Humwua mnyama, akamleta kwa mama yake. Mama humwambia kuwa huyo siye. Hurudi, akaua mkubwa zaidi. Huyo naye siye. Kutoka kwa mbwa hadithi hupanda mpaka kwa tembo, na tembo naye siye. Wachezaji wa mashine wangeutambua mpango huu mara moja: adui wa kila ngazi humzidi wa ngazi iliyotangulia, na adui wa mwisho hajulikani ila kwa kufikiwa. Mazimwi, basi, hayakuletwa na mashine. Mashine ilileta jambo jingine, nalo lina mwaka wake.

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili yasiyojuana. Katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa vijitabu vya mchezo walioupa jina la Dungeons & Dragons. Haukuhitaji mashine yoyote: karatasi, kalamu, dadu, na mtu mmoja wa kusimulia pango huku wenziwe wakisema watakalofanya humo. Ulikuwa, kwa maneno mengine, barazani pa hadithi palipotiwa hesabu. Mwaka uo huo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingizwa nchini kwa kompyuta na televisheni. Nchi iliyokuwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, na fedha chache za kigeni, iliona kwamba vitu hivyo si vya lazima. Mtu aweza kuibishia hukumu hiyo, na wengi wameibishia. Lakini mtu aliyekuwa akitafuta dawa na vipuri vya matrekta kwa fedha hiyo hiyo alikuwa na hoja. Matokeo yake katika habari hii ni kwamba mchezo wa pango ulipohama kutoka mezani kwenda kwenye mashine, Tanzania Bara ilikuwa imefunga mlango.

Mashine hizo zilikuwa makabati makubwa yenye kioo, vishikio na tundu la kutumbukizia sarafu, zikiwekwa katika nyumba za michezo za Marekani, Ulaya na Japani. Iliyo maarufu kuliko zote kwa habari ya mapango ni Gauntlet, ya kampuni ya Atari Games ya California, iliyotoka mwaka 1985. Mtungaji wake, Ed Logg, alichochewa na mapenzi ya mwanawe kwa mchezo wa Gygax, na pia na mchezo wa kompyuta uitwao Dandy, ulioandikwa na mwanafunzi John Palevich mwaka 1983. Watu wanne waliweza kusimama mbele ya kabati moja, kila mmoja na kishikio chake na tundu lake la sarafu. Mmoja alikuwa mpiganaji wa shoka, wa pili mwanamke shujaa mwenye ngao, wa tatu mchawi, wa nne Elf mwepesi wa upinde. Mgeni aliweza kuingia katikati ya safari, na mchovu kuondoka, pasipo mchezo kusimama.

Lakini uhodari wa Gauntlet, na ukatili wake pia, ulikuwa katika hesabu moja. Kila mchezaji alipewa uhai kwa tarakimu, na tarakimu hizo zilipungua zenyewe. Aliyepigwa alipungukiwa haraka. Asiyepigwa naye alipungukiwa polepole, kwa kuwa hai tu. Chakula kilichotawanywa pangoni kiliuongeza uhai, ila kilikuwa kichache, na mshale wa rafiki uliorushwa ovyo uliweza kukiharibu kabla hakijaliwa. Humo alikuwamo na Mauti mwenyewe, aliyevaa nguo nyeusi. Silaha za kawaida hazikumwua, naye alimnyonya mtu kisha akatoweka. Na juu ya yote kulikuwa na njia moja ya hakika ya kurefusha maisha: kutumbukiza sarafu nyingine. Sarafu iligeuzwa uhai papo hapo, mbele ya macho ya mchezaji.

Hapa ndipo penye jambo jipya. Katika hadithi za Unguja, msimulizi hamtozi msikilizaji kwa kila pumzi ya shujaa. Mkaa jikoni akirudi mwituni mara ya saba, hurudi kwa ukaidi wake na kwa uchungu wa ndugu zake walioliwa. Katika kabati la Atari shujaa alirudi kwa sababu aliyemshika alikuwa na robo ya dola mfukoni. Haimpasi mtu kulidharau jambo hili upesi, maana ndilo lililowafanya watu wanne wasiojuana wajifunze kuachiana chakula. Mwenye tarakimu 900 aliyekila mbele ya mwenye 60 alionekana na wote, na aibu yake ilikuwa ya kweli. Kabati lilipangwa kula sarafu. Hata hivyo lililea na adabu, pengine bila ya kukusudia.

Japani nayo ilikuwa imetangulia kwa njia yake. Mwaka 1984 Masanobu Endo wa kampuni ya Namco alitunga The Tower of Druaga, mnara wa ghorofa 60 ambao shujaa wake, Gil, hupanda kumwokoa mchumba wake Ki. Majina na miungu aliyaazima Babeli ya kale. Kila ghorofa ilificha hazina, na mashine haikusema ipatikane vipi. Wachezaji wakaandikiana siri katika madaftari, na aliyegundua leo akamrithisha wa kesho. Ilikuja kisha Golden Axe ya Sega, mwaka 1989, kazi ya Makoto Uchida, yenye mashujaa watatu, mmoja wao mbilikimo mzee mwenye shoka, wakimwandama jabari Death Adder. Hiyo si ya pango hasa, ni ya njia na vijiji. Lakini wapenzi hawazitengi. Na mwaka 1996 Capcom ilitoa Shadow over Mystara, iliyourudisha mchezo wa Gygax katika kabati la watu wanne, ukiwa na duka la kununulia silaha na njia panda za kuchagua. Kwa uzuri wa picha hapana iliyoishinda. Ila kabati zenyewe zilikuwa zimeanza kuzeeka: mashine za nyumbani zilikuwa zinazinyang'anya wateja.

Mashine hizo za nyumbani ndizo zilizofika Dar es Salaam. Mlango uliofungwa mwaka 1974 ulianza kulegea mwaka 1984, bajeti ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila ya kuulizwa walikozipata. Gauntlet ilipotoka Marekani mwaka 1985, Ali Hassan Mwinyi alikuwa anaingia Ikulu mwaka uo huo, na zama zilizompa jina la Mzee Rukhsa zikaanza. Televisheni, iliyokuwako Zanzibar tangu miaka ya sabini, ilianza kurusha matangazo Bara mwaka 1994. Pasipo kioo hapana mchezo. Kioo kilipoingia nyumbani, mchezo ulikifuata, mara nyingi ndani ya mashine za kuiga zilizotengenezwa Asia ya Mashariki na kuuzwa kwa bei ya chini, kwa kaseti zilizojaza michezo mingi pamoja.

Kwa hiyo mitaa kama Segerea ilirithi michezo ya kabati bila ya kabati. Tundu la sarafu halikuja. Mahali pake palikaa mtu: mwenye kibanda cha gemu. Chumba kimoja cha mbele ya nyumba, televisheni juu ya meza, benchi la kusubiria, na pazia mlangoni la kuzuia jua lisipige kioo, hivyo ndivyo kibanda kilivyo katika uswahilini wote wa jiji. Malipo hutolewa mkononi, kwa mechi au kwa muda. Tofauti yaweza kuonekana ndogo, nayo ni kubwa. Tundu la sarafu halina masikio. Mwenye kibanda anayo. Humjua mtoto na mzazi wake, huweza kukopesha zamu moja, huweza kumfukuza aliyevaa sare za shule asubuhi, na umeme ukikatika katikati ya mchezo hana budi kusuluhisha nani anadaiwa na nani. Mashine iliyotungwa ili iuze pumzi kwa sarafu ilijikuta imewekwa chini ya desturi za dukani, ambamo bei husemwa na kubembelezwa.

Pango lenyewe, hata hivyo, halikudumu kibandani. Mpira wa miguu ulilitoa. Si ajabu: mechi ya dakika chache hugawa zamu kwa haki, ilhali safari ya pangoni haina kipimo, na waliomo benchini hawapendi kungoja joka life. Kwa mwenye kibanda mpira ni hesabu safi. Lakini pamoja na pango uliondoka mchezo ambao wachezaji wake walishinda au kushindwa kwa pamoja. Kwenye mpira mmoja hucheka na mwingine hulipa.

Kisha, katika miaka ya karibuni, tundu la sarafu likawasili kwa njia isiyotazamiwa. Ni ile mashine ya kamari ambayo watu wa mjini wameiita dubwi, inayosimama katika vibanda na mabaa ya mitaani na kumeza sarafu za shilingi 200. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeweka Bodi ya kuisimamia na kuwakataza walio chini ya umri wa miaka 18 wasiicheze; mtaani umri husomwa kwa macho, na macho hufumbwa. Linganisha na Gauntlet. Huko sarafu ilinunua nafasi ya kujaribu tena, na aliyejaribu mara mia alikuwa hodari kuliko wa mara kumi. Kwenye dubwi mkono wa mara ya mia haujui lolote ambalo wa mara ya kwanza haukujua. Kabati lenye tundu limefika Segerea baada ya miaka mingi. Limefika tupu, bila ya pango, bila ya chakula cha kuachiana, na bila ya wenzi watatu pembeni.

Mapango yenyewe hayakufa. Tangu mwaka 1997 programu iitwayo MAME imezihifadhi kazi za kabati ili ziweze kuchezwa kwenye kompyuta za kawaida. Na mwezi Aprili mwaka 2024 ilitokea kazi ambayo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuijua. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa kupitia studio yake ya Surgent mchezo wa Tales of Kenzera: Zau, nao waweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Aliutunga kutokana na msiba wa baba yake, aliyefariki mwaka 2013. Ndani yake mganga kijana, Zau, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: akimletea roho tatu kubwa, Kalunga amrudishie baba yake. Kijana anapita mapangoni na majangwani amevaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na Mauti, aliyekuwa katika Gauntlet kivuli cheusi cha kukimbiwa, hapa anatembea kando yake kama mzee, akizungumza naye njiani. Uhai bado una bei katika mchezo huu. Ila hakuna tundu popote la kutumbukizia sarafu, na kijana anapoanguka, mzee yule humngoja.