Kipande cha Sabuni: Historia Fupi ya Hela ya Kujipamba

Kila aliyekaa kwenye darasa la historia Tanzania anamjua Mangungo wa Msovero. Tarehe 29 Novemba 1884 aliweka alama yake kwenye karatasi ya Karl Peters, na somo tulilopewa wengi wetu lilikuwa fupi: chifu alidanganywa, nchi ikaenda. Pembeni ya somo hilo likawekwa jingine, nalo ndilo lililotukaa zaidi kichwani: eti babu zetu walitoa vitu vya maana, watu na pembe na ardhi, wakapewa shanga na vioo. Yaani walikuwa watu wa kupumbazwa na mapambo.

Msovero iko Kilosa. Masanze nayo ni kata ya Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi. Duka la Masanze halina tofauti kubwa na duka la kijiji chochote cha Morogoro: sabuni ya mche inayokatwa vipande, mafuta ya mgando, dawa ya meno, poda, losheni, pedi, rasta zinazoning'inia juu ya kaunta. Hakuna mwanahistoria anayelishangaa duka hilo. Mimi naona lina historia ndefu kuliko ofisi nyingi za serikali, na swali linalopita ndani yake ni hili: mtu maskini anapotoa hela yake kununua kitu cha kujipaka, nani ana haki ya kusema hiyo ni anasa?

Tuanze na hizo shanga. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita eneo hili, ikavuka mbuga ya Makata na kufuata bonde la mto Mkondoa. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kina kurasa za kuchekesha kuhusu shida aliyoipata Unguja kabla ya kuondoka. Alidhani shanga ni shanga. Wafanyabiashara wakamwelimisha: nyeusi zinapokelewa Ugogo, kwingine hazina thamani, nyeupe zinafaa Ufipa na baadhi ya sehemu za Usagara na Ugogo, lakini ukizipeleka mahali pengine zitadharauliwa. Ukikosea rangi, msafara unalala njaa, kwa sababu hakuna atakayekuuzia unga.

Sasa hebu niambie, hapo nani aliyepumbazwa? Mwanamke wa Usagara ambaye hakulijua hata jina la Venice, mji uliotengeneza shanga nyingi za aina hiyo, ndiye aliyekuwa akiamua ni mzigo gani utakaopata mnunuzi. Mzungu ndiye aliyebidi kujifunza mitindo. Na shanga zile zilikuwa fedha: zilinunua chakula, zililipa mahari, ziliwekwa akiba kiunoni. Mapambo na benki vilikaa mwili mmoja.

Wala kujipamba hakukuja na msafara. Bara lilikuwa na mafuta ya nyonyo na udongo mwekundu, mswaki wa mti, dodoki la kujisugulia. Mwali alipotolewa nje alipakwa mafuta na kuvishwa shanga mbele ya watu, ili wote waone kwamba aliyeingia mtoto ametoka mtu mzima. Pwani kulikuwa na hina, wanja, liwa na udi. Msomaji wa Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19, anakumbuka jinsi mama anavyomwagiza binti yake mambo hayo kwa uzito uleule anaomwagizia adabu na dini. Tofauti ni kwamba mafuta ya nyonyo yalidai jasho: kuchuma, kukaanga, kutwanga, kuchemsha. Kilichobadilika baadaye ni kwamba jasho hilo likawa hela.

Mabadiliko hayo yana mzunguko wa ajabu kidogo. Katika karne ya 19 meli za Wafaransa zilichukua nazi kavu na ufuta kutoka Unguja na mwambao wake kupeleka Marseille, mji wa sabuni. Kwingineko Afrika, mawese yakawa mali ya viwanda vya Ulaya. Mwaka 1911 kampuni ya Lever Brothers ilipata maeneo makubwa ya michikichi Kongo ya Wabelgiji. Mafuta yakaenda, sabuni ikarudi, imefungwa karatasi, ina jina na harufu.

Ilirudi kwa reli. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, na kufika Kigoma mwaka 1914. Kabla yake ilikuwa imekuja kodi: kuanzia 1898 Wajerumani walidai rupia 3 kwa nyumba. Kisha mkonge ukaenea Kilosa na Kimamba, na pamoja nao manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka mbali. Kila mmoja alikuwa na kipande, kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30. Siku usiyomaliza kazi uliyopangiwa haikuandikwa. Kipande kikijaa, unalipwa.

Fikiria mpangilio wa hela ile. Ya kwanza ni kodi, na hiyo hukuichagua. Nyingine inatumwa nyumbani, nayo karibu hukuichagua. Inayobaki ni ndogo, unaingia nayo dukani kwa Mhindi, na kwenye kaunta kuna kipande kingine: kipande cha sabuni. Lugha yetu imeviita vyote viwili kwa neno moja, na sidhani kama mfanyakazi wa mkonge alihitaji mshairi kumwonesha uhusiano. Kipande cha kwanza kilimwambia kwamba siku zake ni za bwana shamba. Cha pili kilimwosha utomvu wa mkonge unaowasha, akavaa shati safi Jumapili, akaonekana mtu.

Wakoloni wenyewe walikuwa na ndimi mbili kuhusu jambo hili. Timothy Burke ameliandika vizuri kwa upande wa Zimbabwe katika kitabu chake cha mwaka 1996, Lifebuoy Men, Lux Women. Misheni, shule na zahanati zilihubiri usafi kama mlango wa ustaarabu. Kampuni zikauza Lifebuoy kwa mwanamume wa kazi na Lux kwa mwanamke wa nyumbani. Lakini Mwafrika akizidisha kidogo, akapaka poda, akanukia, alichekwa kwamba anaiga. Ukiwa mchafu wewe mshenzi, ukinukia wewe kasuku.

Mtu angetegemea uhuru umalize dhihaka hiyo. Haukuimaliza, uliibadilisha lugha. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969, marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na krimu za kujichubua. Dar es Salaam kulizuka vurugu, wanawake wakasimamishwa barabarani na kushushwa kwenye mabasi. Barua zikamiminika magazetini. Wapo waliounga mkono kwa nguvu, wakisema hatukupigania uhuru ili tufanane na Wazungu. Wapo waliouliza: kama wigi ni la kigeni, suti je? Gari je?

Mimi nawaelewa wote wawili. Krimu kama Ambi zilitangazwa katika miaka ile kwa ahadi kwamba ngozi nyeupe zaidi ndiyo ya kisasa zaidi, na kuikataa ahadi hiyo kulikuwa jambo la heshima. Ila angalia kilichofungwa kwenye furushi moja: krimu inayodhuru ngozi, pamoja na sketi na wigi ambavyo havimdhuru mtu. Na angalia aliyesimamishwa barabarani. Kampuni iliyotengeneza krimu haikushushwa kwenye basi.

Kisha ikaja miaka ambayo mzaha wa anasa uliisha kabisa. Tume ya Bei ilianzishwa 1973. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilijaribu kufunga maduka ya watu binafsi ili yabaki ya ushirika na ya vijiji. Vita na Uganda vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni. Bei ya serikali ilikuwepo, sabuni haikuwepo. Watu walifua kwa majani ya mpapai. Dawa ya meno ikawa kitu cha kutafutiwa na ndugu aliye mjini. Mwaka 1983 Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na wengine wakatupa bidhaa zao usiku kuliko kukutwa nazo. Aprili 12, 1984, Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani humu humu Morogoro, na wengi walimlilia kwa dhati, kwa sababu walimwona ndiye aliyekuwa upande wa mtu aliyesimama kwenye foleni.

Tunalojifunza miaka hiyo ni jepesi lakini tunalisahau. Sabuni ilipokosekana, hakuna aliyeiita anasa. Mama aliyeshindwa kumwosha mtoto wake aliona aibu, wala hakuiona hiyo kuwa ni ujamaa. Kwa hiyo mpaka kati ya hitaji na anasa haukuwa ndani ya kitu chenyewe. Ulisogea kulingana na nani anasema na rafu ina nini.

Milango ikafunguliwa: kuanzia 1984 wenye fedha zao nje waliruhusiwa kuleta bidhaa, na mwaka 1985 akaingia Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Ikaja kalikiti, nywele zinang'aa na kola ya shati inalowa mafuta. Zikaja losheni za kila rangi. Ukaja pia mkorogo, krimu tatu nne zinachanganywa kwenye kopo moja na mtu asiyejua kilichomo. Baadhi ya sabuni za zebaki zilizouzwa Afrika Mashariki zilitengenezwa Ulaya, wakati zenyewe haziruhusiwi kuuzwa huko. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi pale pale mtu alipotaka weupe. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2003 ilianzisha TFDA, ambayo ilipiga marufuku viambato hivyo. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ikahamia TBS.

Mwaka huohuo wa 2019 bajeti ilileta ushuru wa asilimia 25 kwa mawigi na nywele bandia zinazotoka nje, na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Taulo za kike, zilizosamehewa VAT mwaka mmoja tu uliotangulia, zikarudishwa kwenye kodi, kwa hoja kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Ona hesabu yake: mfanyabiashara ndiye aliyekosea, msichana wa shule ndiye aliyerudishiwa mzigo.

Najua kuna atakayesema: paa linavuja, mahindi yameuzwa, na hela ya losheni inatoka wapi? Ni swali halali, na nyumba nyingi za Masanze au Manzese zinagombana kwa ajili yake. Ila nitakubali liulizwe na wanaokula chungu kimoja. Serikali ina kazi nyingine, ngumu zaidi: kuhakikisha kilichomo kwenye kopo hakiui. Kwa miaka mingi tumefanya kinyume. Tumekuwa wakali kwa mnunuzi na wapole kwa kopo.

Nyaraka za kodi ya nyumba zimehifadhiwa, za mkonge zimehifadhiwa. Za sabuni zimo vichwani mwa bibi zetu. Kama una mtu Kilosa, Kimamba au Masanze aliyekuwa mtu mzima mwaka 1983, muulize alioga na nini, aliipata kwa nani, na alilipa kiasi gani. Kisha andika majibu yake kabla hayajapotea.