Kuungama na Kurejesha: Imani na Maamuzi ya Kila Siku katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Swali la namna imani ya Kikristo inavyoongoza maisha ya kila siku hujibiwa mara nyingi kwa kurejelea amri na mafundisho, kana kwamba mwamini akishalijua lililo jema hana budi kulitenda. Historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki, yaani vuguvugu la wokovu lililochipuka ndani ya makanisa ya Kiprotestanti, hasa Anglikana, inalitilia shaka jibu hilo, kwa kuwa inaonyesha kwamba imani ilifika sokoni, kazini na nyumbani pale tu ilipokuwapo jumuiya yenye haki ya kumhoji mwamini kuhusu mwenendo wake.

Chimbuko la vuguvugu hili huhusishwa na kukutana kwa Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, huko Namirembe, Kampala, mwaka 1929. Katika miaka ya 1930 lilienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, likibebwa zaidi na walei, yaani waumini wasio na daraja la uchungaji. Nguzo yake ilikuwa ushirika, kikao cha mara kwa mara ambamo ndugu, kama walivyoitana, walisoma Biblia, wakaomba na kuungama makosa yao kwa kuyataja. Hali hiyo waliiita kuenenda nuruni, kwa kufuata Waraka wa Kwanza wa Yohana, na maana yake ilikuwa kuishi bila kumficha Mungu wala mwenzako jambo lolote.

Hata hivyo, kuungama peke yake hakukutosha. Aliyekiri wizi alitarajiwa kurejesha alichoiba, kwa mfano wa Zakayo katika Injili ya Luka, na ndiyo maana fedha, mifugo na vifaa vya waajiri vilirudishwa kwa wenyewe. Uzito wa tendo hili haupimwi kwa thamani ya kitu. Anayerudisha kifaa cha mwajiri hulazimika kukitaja, kusimama mbele ya mtu ambaye huenda hakujua kwamba ameibiwa, na kuwa tayari kufukuzwa kazi au kushtakiwa. Toba, ambayo kanisani ingeweza kuishia katika machozi, hapa inakuwa uamuzi wenye gharama, mahali na shahidi. Zaidi ya hayo, mtu ajuaye kwamba ataulizwa ushirikani huanza kujiuliza mwenyewe kabla hajanyoosha mkono.

Utaratibu huo ulikuwa na hatari zake, nazo hazikuwa ndogo. Ungamo la hadharani liliweza kugeuka kipimo cha nani ameokoka kweli, na ukali wa ndugu dhidi ya viongozi waliowaona kuwa vuguvugu katika imani ulizaa mgogoro wa mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, ambapo wanafunzi kadhaa wa uchungaji, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa chuoni. Baadaye nchini Uganda kundi la Abazukufu, yaani walioamka upya, lilihesabu hata kukopa fedha kuwa dhambi. Hapo dhamiri ilikuwa imekwisha kufanywa orodha ya makatazo (na orodha, kama ijulikanavyo, ni rahisi kuikagua kuliko moyo).

Lawama nyingine husema kwamba dini hii ilijifungia katika dhambi za mtu binafsi na kuyaacha mambo ya dola. Lawama hiyo ina ukweli nusu. Nchini Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha waasi wa Mau Mau na pia wakakataa kushika bunduki za serikali ya kikoloni, na baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo. Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa Anglikana la Uganda alipouawa Februari 1977, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin, mtawala wa Uganda, barua ya kupinga mauaji na uonevu. Lakini barua ile ilitoka kwa maaskofu kwa mamlaka ya vyeo vyao, haikutoka ushirikani. Uamsho ulimfundisha mwamini kukataa kutenda uovu hata kwa gharama ya uhai. Utaratibu wa kumhoji mtawala aliye nje ya kikao cha ndugu haukuujenga.